Maswali mnayoniuliza kila mara kuhusu kazi ya vipindi vya watoto na dokumentari

Nikikutana na vijana wa chuo, wazazi, au hata wenzangu wa Bongo Movie wanaotaka kuhamia huku kwetu, maswali huwa ni yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Pale ambapo najua watu wanahangaika kweli nimejibu kwa urefu, mengine nimepita haraka. Mimi niko Dar, mifano mingi ni ya huku na Nairobi.

Dada, mbona unafanya vitu viwili? Katuni za watoto na dokumentari zinahusiana nini?

Zinahusiana sana. Chukua Sesame Street, kipindi cha watoto cha Marekani ambacho karibu kila mtu wa fani hii amejifunza kitu kwacho. Mmoja wa waliokianzisha, Joan Ganz Cooney, alikuwa prodyuza wa dokumentari kwenye stesheni moja ya New York, anatengeneza vipindi kuhusu umaskini na elimu, halafu mwaka 1966 kwenye chakula cha jioni nyumbani kwake yakaanza mazungumzo kwamba hivi TV inaweza kumfundisha kitu mtoto ambaye hajaanza shule? Hakukimbilia kuandika skripti. Alizunguka kuongea na walimu, wanasaikolojia na watu wa TV, akaandika ripoti, na kipindi kikaja kuruka hewani Novemba 10, 1969. Hiyo ni akili ya mtu wa dokumentari kabisa, unauliza kwanza ndo unatengeneza.

Na kwetu ni hivyohivyo. Ubongo Kids, hii katuni ya hesabu na sayansi iliyoanza kuonyeshwa TBC1 Januari 2014, mmoja wa waanzilishi wake ni Nisha Ligon, na yeye kabla ya katuni alitengeneza dokumentari kuhusu Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake. Nairobi kuna Ng'endo Mukii, anachora na kuhuisha picha lakini filamu yake ya Yellow Fever ya 2012 ina mahojiano ya kweli ndani yake, na anamsikiliza mpaka mtoto mdogo wa familia akiongea kuhusu rangi ya ngozi yake. Ukiiangalia huwezi kusema hapa ndo imeishia animesheni hapa ndo imeanza dokumentari.

Kwangu mimi kazi zote mbili zinaanzia sehemu moja, kukaa na mtu muda mrefu kabla hujawasha kamera, na kukubali kwamba yeye anajua kitu ambacho wewe hukijui. Hata akiwa na miaka minne.

Lazima nisome chuo?

Siyo lazima, ila lazima ujifunze mahali. TaSUBa pale Bagamoyo wanafundisha sanaa na utayarishaji, UDSM kuna idara ya sanaa bunifu, Kenya kuna KIMC, chuo cha habari cha Nairobi, ambacho kimetoa watu wengi sana wa redio na TV, Kampala kuna Maisha Film Lab iliyoanzishwa na mwongoza filamu Mira Nair mwaka 2004 na imepitisha vijana wengi wa nchi zetu, na MultiChoice Talent Factory ya Nairobi nayo imefundisha vijana wa Afrika Mashariki. Mimi nilianzia kuedit video za harusi na send-off, na nasema kwa dhati ile ni shule nzuri sana, unajifunza kufanya kazi haraka, unajifunza kwamba tukio halirudiwi, na unajifunza kuongea na mama mkubwa wa bibi harusi kwa adabu ili asogee kidogo usipoteze picha.

Kitu ambacho vyuo vingi havifundishi ni makuzi ya mtoto. Mtoto wa miaka mitatu anaelewa nini, wa sita anaelewa nini, wa tisa anaona aibu gani. Hicho nenda kajifunze kwa walimu wa chekechea, wanajua kuliko sisi wote.

Nina simu tu, naweza kuanza?

Ndiyo. Picha ya simu ya siku hizi inatosha kabisa. Kinachoua kazi za simu ni sauti, upepo, bodaboda, feni, jirani anakaanga samaki. Hela ya kwanza utakayopata usinunue lensi, nunua maiki ya kubana kifuani. Kwa kuedit, DaVinci Resolve ina toleo la bure, na kwa animesheni Blender ni ya bure kabisa na watu wanatengenezea filamu kubwa.

Hivi katuni moja ya dakika kadhaa inapita mikononi mwa watu gani?

Wengi kuliko unavyodhani na ndo maana inachelewa. Kwanza kunakuwa na lengo la kujifunza, tuseme sehemu za namba, hapo anakaa mwandishi na mtu wa elimu wanabishana, inatoka skripti. Halafu sauti zinarekodiwa MAPEMA, watu wengi wanafikiri sauti inawekwa mwisho, hapana, mdomo wa katuni unafuata sauti kwa hiyo sauti inatangulia. Wakati huohuo kuna mtu anachora storibodi, picha kwa picha, zikipangwa na sauti unapata animatiki, yaani katuni nzima ikiwa bado michoro iliyosimama. Hapo ndo pa kukata na kubadilisha, kwa sababu ukishaanza kuhuisha kila badiliko ni hela. Kisha mandhari, wahusika, uhuishaji wenyewe, muziki, kuchanganya sauti.

TV zetu zinatumia fremu 25 kwa sekunde. Hata ukihuisha kwa kuruka fremu moja moja bado ni michoro kama 12 hivi kwa kila sekunde, sasa zidisha kwa dakika. Kompyuta zinasaidia sana, mhusika anajengwa mara moja na viungo vyake vinachezeshwa, lakini bado kuna mtu amekaa kwenye kiti usiku anahangaika na mkono mmoja wa sungura.

Unajuaje kama watoto wataipenda?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote na ndo ambalo watu wanalipita juujuu.

Usiwaulize. Watoto wetu wamelelewa kwa heshima na ukiingia darasani ukauliza "mmependa watoto?" watajibu wote kwa pamoja "ndiyooo mwalimu", hata kama nusu yao walikuwa wanachezea vifungo vya shati. Mtoto anakupa jibu ambalo anaona mtu mzima analitaka. Kwa hiyo tunakaa pembeni, kipindi kinaendelea, na badala ya kuangalia kipindi tunaangalia macho. Nani ameangalia dirishani na ilikuwa dakika ya ngapi, nani amesogea mbele, nani ameimba mara ya pili wimbo uliporudi, nani amemgeukia mwenzake na kumuuliza kitu. Tunaandika kila kitu kwenye karatasi yenye muda. Jioni tukilinganisha karatasi unakuta darasa zima lilipotea sehemu ileile moja, na karibu kila mara ni sehemu ambayo mtu mzima kwenye katuni anaelezea kitu kwa maneno mengi.

Watu wa Sesame Street walikuwa na njia yao, mtafiti wao Edward Palmer aliweka TV na pembeni yake projekta ya slaidi inayobadilisha picha kila baada ya sekunde chache, halafu wanarekodi ni wakati gani mtoto anaiacha TV na kuangalia slaidi. Julai 1969, miezi michache tu kabla ya kuanza, walipeleka vipindi vitano vya majaribio kwa watoto wa Philadelphia. Wataalamu walikuwa wamewashauri wasichanganye vikaragosi na watu halisi eti watoto watachanganyikiwa, wakafuata ushauri, na matokeo yakaonyesha kila ikifika sehemu ya mtaani yenye watu tu bila vikaragosi watoto wanaacha kuangalia. Wakarudi kushuti upya, na hapo ndo walipozaliwa vikaragosi Big Bird na Oscar. Yaani yule ndege mkubwa wa njano ambaye dunia nzima inamjua alitokana na watoto waliochoka kuangalia.

Ubongo nao walifanya hivi tangu mwanzo, wanapeleka kazi kwa watoto wenyewe, na kipindi kilikuwa kinauliza maswali ambayo mtoto anajibu kwa SMS kwenye simu ya kawaida ya mzazi, simu ya tochi kabisa. Naona ilikuwa akili kubwa maana ilikubali hali halisi ya nyumba zetu, TV moja, simu moja, watoto wengi.

Kwa hiyo ukiniambia huna bajeti ya utafiti nitakuambia nenda chekechea ya mtaani kwenu na laptopu, omba ruhusa kwa mwalimu na wazazi, onyesha hata animatiki. Biskuti na juisi ndo gharama yake.

Watoto waongee Kiswahili cha wapi?

Hapa huwa nabishana na watu. Wengine wanataka Kiswahili sanifu kama cha taarifa ya habari, wanasema kipindi cha watoto kinafundisha lugha. Mimi naona mtoto anajifunza lugha akiisikia ikiwa hai. Bibi wa Tanga asiongee sawa na kijana wa Mbagala, na mtoto wa Eastlands kule Nairobi ana haki ya kumsikia mtu anayeongea kama yeye, hata kama siyo kila wakati. Ila sarufi isivunjwe ovyo, ngeli zikae sawa, hasa kwa wale wadogo wa miaka mitatu hadi sita ambao ndo kwanza wanazishika.

Ukiandika kwa lugha mbili usitafsiri nyimbo. Andika upya. Wimbo uliotafsiriwa unasikika tu kwamba umetafsiriwa, mapigo hayakai, na mtoto hauimbi.

Zamani kulikuwa na vipindi vya watoto au haya mambo ni ya juzi?

Vilikuwepo, ila vilikuwa redioni. Waliokua enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam wanamkumbuka Debora Mwenda na Mama na Mwana, na ukimtajia mtu wa umri huo hadithi ya Binti Chura anaanza kuimba palepale. TV Bara ilichelewa, Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 lakini Bara tumesubiri mpaka 1994 stesheni binafsi kama ITV zilipoanza. Hiyo maana yake waliokuwa watoto Bara miaka ya themanini hawana katuni hata moja ya nyumbani kwenye kumbukumbu zao, wana sauti. Na mimi naamini hiyo ndo sababu watu wetu wana masikio mazuri sana ya hadithi, ukianza na paukwa lazima mtu aitike.

Nikiandika skripti huwa naisoma kwa sauti macho nimefumba. Kama hadithi haieleweki bila picha, narudi kuandika.

Kwa nini TV zetu zimejaa katuni za nje?

Bei. Katuni ya nje imeshalipa gharama zake kwao, kwa hiyo ikija huku inauzwa kwa bei ambayo wewe hulipi hata wachoraji. Stesheni ikipiga hesabu inachukua ya nje, na siyo kwamba hawaipendi nchi yao, ni hesabu.

Mfano mzuri wa upande wa pili ni Tinga Tinga Tales, vipindi 52, vilianza kuonyeshwa 2010 kwenye CBeebies, chaneli ya watoto ya BBC Uingereza. Uhuishaji ulifanyika Nairobi, studio za Homeboyz, na michoro ikafuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wetu aliyefariki Dar mwaka 1972. Hela ilitoka nje, hadithi na mikono ilikuwa ya huku. Vijana wengi waliopita pale ndo leo wana studio zao au wanafundisha wengine. Kwa hiyo hela za nje zinaweza kuacha kitu, mradi kazi ifanyike hapa na siyo sisi tupewe kuingiza sauti tu.

Dokumentari moja inachukua muda gani?

Ripoti ya TV, wiki chache. Dokumentari yenyewe, ile ya kumfuata mtu, miaka. Sam Soko wa Kenya alimfuata mwanaharakati Boniface Mwangi kwa miaka kadhaa mpaka akagombea ubunge wa Starehe mwaka 2017, na dokumentari hiyo, Softie, ikaonyeshwa tamasha la filamu la Sundance kule Marekani 2020 ikapata tuzo ya uhariri, na hiyo tuzo inakuambia kazi ilikuwa wapi, picha za miaka yote hiyo lazima mtu azikalie. The Letter ya Maia Lekow na Christopher King ni hivyohivyo, kijana anarudi Pwani ya Kenya kwa sababu bibi yake anatuhumiwa uchawi, na ukiiangalia unaona kabisa kwamba ile familia ilishawazoea wale watu, hakuna anayejifanya. Kenya waliipeleka kugombea tuzo ya Oscar.

Unaishi vipi miaka yote hiyo? Ndo hapo vipindi vya watoto, matangazo, video za mashirika na harusi zinaingia. Karibu kila mtu wa dokumentari ninayemjua ana kazi nyingine inayolipa kodi ya nyumba, na haina aibu yoyote.

Kuhusu urefu, TV nyingi za nje zinataka dakika 52 kwa nafasi ya saa moja, matamasha yanapokea zaidi ya hapo, na huku kwetu stesheni zinapenda nusu saa ambayo ukitoa matangazo inabaki kama dakika 22 mpaka 26. Jua mapema unakata kwa ajili ya nani.

Nahitaji vibali gani?

Tanzania ni Bodi ya Filamu. Ukiingia hifadhi za taifa kuna TANAPA, ukirusha droni kuna TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ukishuti shuleni anza na afisa elimu wa halmashauri kabla ya mwalimu mkuu maana mwalimu mkuu atakurudisha hukohuko. Kenya utakutana na KFCB, bodi ya filamu ya huko, wao pia ndo wanapanga filamu inafaa umri gani.

Halafu kuna kibali ambacho hakiko kwenye tovuti yoyote, serikali ya mtaa. Fika ofisini, salimia, onyesha barua ya utambulisho, mwambie mwenyekiti unafanya nini na kwa siku gani. Akikujua, hata watu wakikusanyika wakaanza kuuliza hawa ni nani, jibu lipo.

Kumrekodi mtoto kwenye dokumentari, si nachukua tu saini ya mzazi?

Hapana jamani. Saini ya mzazi au mlezi ni lazima lakini ndo mwanzo tu.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema mtoto asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu na unalinda faragha yake. Tanzania tuna Sheria ya Mtoto ya 2009, Kenya wana ya 2022, na nchi zote mbili sasa zina sheria za kulinda taarifa binafsi. Lakini hata sheria zisingekuwepo, fikiria tu: huyu mtoto ana miaka minane leo, video itabaki mtandaoni, ataingia sekondari, atatafuta kazi, atachumbiwa, na mtu ataandika jina lake akaona ile siku ulimrekodi analia njaa. Alikubali? Alielewa anakubali nini?

Utaratibu wangu ni huu. Namwelezea mtoto mwenyewe kwa lugha yake, mzazi akiwepo, namwonyesha video ya mtoto mwingine aone inavyokuwa, halafu namwambia anaweza kusema hapana leo au kesho na hakuna atakayemkasirikia. Namuuliza tena siku nyingine bila mzazi kumkodolea macho. Mtoto akianza kujificha, akiangalia chini, akinijibu kwa neno moja moja, kwangu hiyo ni hapana hata kama mama yake amesaini karatasi tatu. Aliyefanyiwa ukatili, anayeishi na VVU, aliye kwenye kesi, hao sura haionekani, jina halitajwi, sauti inabadilishwa, na mtaa wao hautambuliki. Na usisahau sare, sare ya shule inamtaja mtoto kuliko hata jina lake.

Picha za watoto wenye makamasi na nzi machoni sipigi. Wafadhili wengine bado wanaziomba, wanaziita za kugusa moyo, na huwa nawajibu kwa upole kwamba huyo ni mtoto wa mtu.

Na kutoonyesha sura siyo lazima kuwe ni ukungu tu wa kompyuta. Kule Canada, Alanis Obomsawin, mwanamama wa watu wa asili wa Abenaki, filamu yake ya kwanza ya 1971 inaitwa Christmas at Moose Factory na ameijenga kwa michoro ya watoto wa shule ya bweni na sauti zao wenyewe wakieleza. Ni penseli za rangi tu, na unakaa nao kabisa. Akaendelea kufanya dokumentari kubwa kwa zaidi ya miaka hamsini na mara nyingi anarudi kwa watoto. Nikipata kijana anayetaka kujua kazi hizi mbili zinakutanaje namwambia atafute hiyo.

Nimlipe mtu ninayemrekodi kwenye dokumentari?

Kununua maneno ya mtu, hapana, kwa sababu atakuambia unachotaka. Lakini kama umemtoa shambani siku nzima au hakufungua genge lake kwa ajili yako, siku yake umeila, nauli na chakula na fidia ya siku ni haki yake. Panga hilo kwenye bajeti tangu mwanzo, lisiwe la kutoa mfukoni mwisho kwa huruma.

Na kama mtu anaweza kushika kamera mwenyewe, mpe. Thank You for the Rain ya 2017 ndo ilivyofanyika, Kisilu Musya, mkulima wa Kenya, alijirekodi yeye, familia yake, mvua na ukame kwa miaka, akishirikiana na Julia Dahr wa Norway. Kuna vitu mle ambavyo mgeni asingevipata hata angekaa kijijini mwaka mzima.

Hela inatoka wapi hasa?

Niseme ukweli, stesheni nyingi za huku hazikununui kipindi cha watoto kwa bei ya kukitengeneza. Nyingine zinakuambia lete na mdhamini wako, nyingine zinataka ulipie muda wa hewani. Kwa hiyo watu wanaunganisha vyanzo, shirika la afya au elimu linalotaka kipindi, kampuni inayodhamini, kuuza kwa nchi nyingine kwa lugha nyingine, vitabu, nyimbo.

YouTube watu wanaiwekea matumaini makubwa na ni vizuri wajue. Mwaka 2019 kampuni hiyo ililipa faini ya dola milioni 170 Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto, na kuanzia Januari 2020 video ya watoto lazima uitaje kuwa ni ya watoto, na ukiitaja hivyo haipati matangazo yanayomfuata mtazamaji na sehemu ya maoni inafungwa. Mapato kwa kila mtazamaji yanashuka. Mimi naunga mkono hiyo sheria, watoto walikuwa wanafuatiliwa, ila panga bajeti ukijua.

Kwa dokumentari, Nairobi kuna Docubox iliyoanzishwa na Judy Kibinge, mfuko hasa kwa ajili ya watu wa Afrika Mashariki, na wanatoa mafunzo pamoja na hela. Matamasha kama ZIFF pale Zanzibar, lipo tangu 1998, ni sehemu ya kukutana na watu ana kwa ana, na kazi nyingi zinapatikana kwa kukutana kuliko kwa kutuma barua pepe.

Mfadhili anataka ujumbe kila dakika. Nifanyeje?

Mwambie achague mmoja. Kipindi kinachofundisha kunawa mikono, chandarua, usawa wa kijinsia na akiba ndani ya dakika kumi na moja hakifundishi chochote. Mpe mhusika tatizo la kweli, mfano Asha anataka kwenda kucheza lakini ndoo haijajaa, na ujumbe uwe ndani ya namna anavyojitoa kwenye hilo tatizo. Ukikwama kumshawishi mfadhili, mchukue siku ya majaribio akae na watoto aone wanavyopotea. Hii imenisaidia kuliko mikutano yote.

Mimi ni mzazi, nimwache mtoto wangu aangalie muda gani?

WHO walitoa mwongozo 2019: chini ya miaka miwili afadhali asiangalie kabisa, miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku. Nami natengeneza vipindi na nakubaliana nao. Ukiweza kaa naye hata dakika kumi, muulize kilichotokea. Akikusimulia vibaya usimsahihishe, mwache amalize.

Mtoto wangu ana kipaji, nimpeleke wapi aigize?

Fuata matangazo ya usaili ya studio zinazojulikana, na usilipe hela hata shilingi, usaili wa kweli haulipiwi. Uwepo muda wote wa kurekodi. Uliza watamaliza saa ngapi, atakula nini, shule itakuwaje, sauti na sura yake zitatumika wapi na kwa miaka mingapi, na nakala ya mkataba ibaki kwako.

Naweza kukutumia skripti yangu uisome?

Tuma, ila kurasa mbili tu za mwanzo. Na kabla hujatuma, isome kwa sauti mbele ya watoto wawili watatu wa jirani, mama zao wakijua, halafu weka alama kwa peni pale walipoanza kuangalia pembeni. Nitumie hiyo yenye alama, usiisafishe.